Reginald Moreau: Karani wa Amani aliyewafuata ndege wa vuli

Kila mwaka ifikapo Septemba, watazamaji wa ndege wa kaskazini mwa Uingereza na wa Wales hupanda vilimani hadi kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Mabwawa hayo yalijengwa kwa ajili ya miji ya viwanda: yale ya bonde la Longdendale, katika karne ya 19, ili kuipatia maji Manchester, na yale ya bonde la Elan, yaliyofunguliwa mwaka 1904, ili kuipatia maji Birmingham. Maji ya milimani ni baridi na yana chakula kichache, kwa hiyo mtu anaweza kukaa ukingoni siku nzima bila kuona ndege wa kutajika. Anachokingojea ni hali ya hewa. Usiku wa anga safi ndege wahamao hupita juu sana bila kuonekana. Mvua ikinyesha ghafla, au ukungu ukishuka na kufunika vilele, ndege hao hulazimika kutua. Asubuhi inayofuata kitwitwi huonekana wakikimbia kandokando ya mawe, na mbayuwayu wakiruka chini chini juu ya maji wakitafuta wadudu. Mawingu yakifunguka, huondoka.

Swali la mahali waendako lina jibu lililo karibu na wasikilizaji wa Afrika Mashariki. Majira ambayo Wazungu huyaita ya kupukutika kwa majani huangukia hapa wakati wa mvua za vuli, na wengi wa ndege hao huja kukaa miezi kadhaa kwenye maziwa, mashamba na mbuga za ukanda huu. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuunganisha ncha mbili za safari hiyo aliishi karibu miaka 18 katika nchi jirani ya Tanzania, iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Jina lake ni Reginald Ernest Moreau. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na alikuja Afrika kwa sababu ya maradhi.

Kijana wa vitabu vya hesabu

Moreau alizaliwa tarehe 29 Mei mwaka 1897 huko Kingston, kando ya mto Thames, karibu na London. Alikuwa bado mtoto wakati baba yake alipojeruhiwa vibaya katika ajali ya reli. Mzee huyo hakupona sawasawa, na maisha ya nyumbani yakawa ya kubana matumizi. Chuo kikuu kilikuwa mbali na uwezo wa familia. Kijana akafanya mtihani wa utumishi wa serikali, akapangiwa idara ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Kazi yake ilikuwa kukagua leja na stakabadhi na kuhakikisha kwamba kila senti imeandikwa mahali pake.

Hakukaa muda mrefu kabla ya kushikwa na baridi yabisi, maradhi ya viungo ambayo hali ya hewa ya Uingereza iliyazidisha. Mwaka 1920 akapata uhamisho wa kwenda Cairo, kwa matumaini kwamba joto na ukavu wa Misri vingempunguzia maumivu. Matumaini hayo hayakuwa bure. Alipoanza kutembea tena bila taabu, alitumia siku zake za mapumziko kwenda jangwani na kando ya mto Nile kutazama ndege.

Misri ni mojawapo ya milango mikuu ya uhamaji wa ndege duniani. Kila vuli ya Ulaya, makundi ya ndege huvuka bahari ya Mediterania na kufika kwenye pwani ya Misri yakiwa yamechoka. Tangu zama za kale wakazi wa pwani hiyo wametandaza nyavu kuwanasa kware wanaotua mchangani. Moreau aliyaona hayo yote kwa jicho la mkaguzi wa hesabu. Aliandika tarehe, idadi, mwelekeo wa upepo na hali ya mbingu, na baada ya miaka michache makala zake zikaanza kutokea katika Ibis, jarida la Chama cha Wataalamu wa Ndege cha Uingereza. Huko Misri ndiko pia alikokutana na Winifred, bibi aliyependa viumbe kama yeye, wakaoana.

Mlima wa ukungu

Mjini Cairo Moreau alikuwa na rafiki mtaalamu wa wadudu, C. B. Williams, aliyejulikana baadaye kwa utafiti wake juu ya uhamaji wa vipepeo. Williams alipopata kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani huko Tanganyika, alimkumbuka karani yule mwenye daftari nadhifu. Mwaka 1928 Moreau na mkewe wakahamia Amani.

Amani iko katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, nao walipanda bustani kubwa ya miti kutoka pande nyingi za dunia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilififia, kisha Waingereza wakakifufua. Milima hiyo inasimama karibu na bahari ya Hindi, kwa hiyo pepo za baharini huigonga na kumwaga maji yake hapo. Jua la asubuhi laweza kufuatwa na ukungu mzito kabla ya adhuhuri, na mvua haingojei masika wala vuli.

Moreau hakuajiriwa kuchunguza ndege. Aliajiriwa kwa kazi za ofisi, hesabu na maktaba. Utafiti wake wote ulifanyika pembezoni mwa kazi hiyo, alfajiri, jioni na siku za mapumziko, na viungo vyake havikumruhusu kupanda na kushuka mabonde kila siku. Kutokana na udhaifu huo alibuni njia ya kazi iliyokuja kumpa sifa: aliwafundisha wenyeji kuwa wachunguzi.

Macho mengi msituni

Vijana na watu wazima wa vijiji vya karibu walipewa daftari, saa na maelekezo. Mmoja alikaa chini ya mti penye kiota tangu kupambazuka hadi machweo, akiandika kila mara mzazi anapoleta chakula, anapoondoka na anapolalia mayai. Mwingine alimpokea kesho yake. Aliyetajika zaidi miongoni mwao ni Salimu Asmani, msaidizi mkuu wa Moreau, ambaye jina lake limo katika maandishi ya mwajiri wake. Watu hawa walijua tangu utotoni sauti za msitu na miti ambayo ndege huipenda. Moreau alileta utaratibu wa kuandika, nao walileta ujuzi ambao usingepatikana katika maktaba yoyote.

Mfano mzuri ni utafiti wa hondohondo. Ndege huyu mkubwa ana desturi ya ajabu: jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa hadi ubaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga, huatamia na kulea, huku dume akileta chakula kupitia ufa huo kwa miezi kadhaa. Kujua dume huja mara ngapi na huleta nini kunahitaji mtu wa kukaa na kuhesabu, siku baada ya siku, mvua inyeshe isinyeshe. Makala ambazo Moreau na Winifred walichapisha katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 zilisimama juu ya saa hizo nyingi za subira, na bado hutajwa na wanaochunguza hondohondo.

Ni lazima kusema pia kwamba mpango huo ulikuwa wa zama za ukoloni. Mshahara ulikuwa wa msaidizi, na jina juu ya makala lilikuwa la Mzungu. Katika miaka ya hivi karibuni wanahistoria wameanza kurudi kwenye daftari na barua za wakati ule ili kuwapa wachunguzi Waafrika nafasi yao. Moreau anatoka katika uchunguzi huo akiwa na sifa kuliko wengi wa rika lake, kwa kuwa aliwaamini wasaidizi wake na kukiri kazi yao. Hata hivyo wengi wa waliokaa chini ya miti ile hawakumbukwi na msomaji wa leo.

Katika miaka hiyo ndege wasiojulikana na sayansi walipata majina. Ndege mdogo wa Usambara mwenye mdomo mrefu mwembamba alipewa jina la Moreau mwaka 1931. Leo ni miongoni mwa ndege adimu sana barani Afrika. Chozi mmoja wa milima ya mashariki mwa Tanzania naye ana jina lake. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimtangaza ndege mpya kutoka milima ya Uluguru, akampa jina la Winifred, mke aliyeshiriki kazi hiyo kwa miaka yote.

Milima kama visiwa

Kutoka kwenye hesabu za viota Moreau alipanda hadi kwenye maswali makubwa. Kwa nini ndege wa msitu wa Usambara wanafanana na wale wa Uluguru na wa milima mingine ya mbali, ilhali kati yake kuna nyika kavu ambayo ndege hao hawathubutu kuivuka? Katika makala ya mwaka 1933 alijibu kwamba zamani hali ya hewa ya Afrika ilikuwa tofauti. Vipindi vya baridi viliiruhusu misitu ya milimani kushuka chini na kukaribiana. Joto liliporudi, misitu ilipanda tena vileleni, na ndege wakabaki kama watu waliokatiwa daraja, kila jamii kwenye mlima wake. Wazo kwamba milima ya Afrika Mashariki ni visiwa vya misitu katika bahari ya nyika lilipata ndani yake mtetezi wa mapema.

Swali lingine lilikuwa la mayai. Ndege wa Ulaya kwa kawaida hutaga mayai mengi kuliko ndugu zao wa nchi za joto. Mwaka 1944 Moreau alichapisha uchambuzi mpana wa idadi ya mayai ya ndege wa Afrika, akilinganisha na wa latitudo nyingine. Kazi hiyo ilimfikia David Lack, aliyekuwa akijenga hoja kwamba idadi ya mayai hufuata idadi ya makinda ambayo wazazi wanaweza kuyalisha. Takwimu za Afrika zilikuwa sehemu ya msingi wa mjadala huo, ambao bado haujafungwa.

Hakuishia kwa ndege. Akiishi kati ya watu wa makabila mbalimbali waliokuja kufanya kazi Amani na kwenye mashamba ya Tanga, aliona jinsi watu wa kabila moja walivyoweza kuwadhihaki wa kabila jingine bila ugomvi, na jinsi watani hao hao walivyokuwa na wajibu mzito siku ya msiba. Aliuliza, akaandika, na mwaka 1941 akachapisha makala kuhusu utani katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni miongoni mwa maelezo ya mapema yaliyochapishwa juu ya mila hiyo, nayo bado hurejewa na wanaosoma jamii za Tanzania.

Kitendawili cha vuli

Mwaka 1946 Moreau aliondoka Amani. Mwaka huo huo alikabidhiwa uhariri wa Ibis, akaushika hadi 1960, na baadaye akawa rais wa chama kilichokuwa kikilichapisha. Alipata nafasi Oxford katika taasisi ya utafiti wa ndege iliyoongozwa na Lack, akaishi katika kijiji cha Berrick Salome. Huko, kama alivyokuwa akifanya Amani, aliwasikiliza wazee, na kitabu chake cha mwaka 1968 kinaeleza maisha ya kijiji hicho mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1966 alikuwa ametoa kitabu kikubwa kuhusu jamii za ndege wa Afrika na visiwa vyake.

Kazi iliyombakia ilikuwa ile ya safari. Moreau alikuwa ameutazama uhamaji kutoka Ulaya wanakotoka, kutoka Misri wanakopita na kutoka Tanganyika wanakofika. Alijaribu jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: kukadiria ni ndege wangapi wa nchi kavu huingia Afrika kusini mwa Sahara kila vuli. Jibu lake lilikuwa kiasi cha bilioni 5. Mwaka 2009 watafiti wengine, kwa mbinu tofauti, walikadiria takriban bilioni 2.1. Makadirio hayo mawili hayalinganishwi moja kwa moja, lakini yote mawili yanaonyesha ukubwa wa msafara unaopita usiku juu ya vichwa vya watu waliolala.

Moreau aliamini kwamba ndege wengi huivuka Sahara kwa mruko mmoja, saa nyingi usiku na mchana bila kutua. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba wengi hupumzika jangwani mchana na kuendelea usiku. Katika jambo hilo alirekebishwa. Katika jambo jingine swali lake limebaki hai, na wataalamu wameliita kitendawili cha Moreau.

Kitendawili ni hiki. Ndege wa Ulaya hufika katika ukanda wa Saheli mnamo Septemba na Oktoba, mvua za huko zinapokuwa zimeisha au zinakaribia kuisha. Tangu hapo nchi inazidi kukauka mwezi baada ya mwezi, majani yanaungua na wadudu wanapungua. Hata hivyo mamilioni ya ndege hukaa huko, na mwezi Machi au Aprili, ukame ukiwa umefikia kilele, hujinenepesha vya kutosha kuivuka Sahara kurudi kaskazini. Wanapata wapi chakula wakati ambapo hata mbuzi wanahangaika?

Sehemu ya jibu imo mitini. Ipo miti ya jamii ya migunga inayobaki na majani wakati wa kiangazi, na majani hayo hulisha wadudu. Upo pia mswaki, ule ule ambao watu wa pwani na wafugaji hukata vijiti vyake kusafishia meno. Matunda yake madogo huiva wakati wa ukame, na ndege wadogo ambao Ulaya hula wadudu hugeuka wala matunda na kujaza mafuta mwilini kabla ya kuondoka. Mkulima anayeuacha mti shambani na mfugaji asiyekata mswaki wote wanaamua, bila kujua, kama bustani fulani ya Ulaya itasikia wimbo wakati wa machipuko.

Ushahidi wa jambo hilo ulitokea Moreau akiwa bado hai. Katika machipuko ya mwaka 1969 ndege mdogo mwenye koo jeupe, aliyejaa kila kichaka cha Uingereza, alishindwa kurudi. Takriban robo tatu ya waliotarajiwa hawakuonekana. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye ukame uliokuwa umeipiga Saheli. Ukame huo huo uliendelea katika miaka iliyofuata na kuangamiza mifugo na watu.

Kilichobaki

Moreau alifariki tarehe 30 Mei 1970 huko Hereford, siku moja baada ya kutimiza miaka 73. Alikuwa amefanya kazi ya kitabu chake cha uhamaji huku afya ikimwacha, na hakukiona kikichapishwa. Wenzake walikamilisha uhariri, kikatoka mwaka 1972. Hadi leo ni vigumu kupata utafiti wa ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika ambao haukitaji.

Kituo alichokitumikia kilibadilika. Utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, na Amani ikageukia uchunguzi wa malaria. Misitu iliyoizunguka ilipunguzwa na mashamba ya chai, ukataji wa mbao na kilimo cha iliki chini ya miti. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la karani yule bado yumo humo, kwa idadi ndogo, katika vichaka vya kingo za msitu.

Kuwahifadhi ndege wahamao hakuwezi kuwa kazi ya nchi moja. Wataalamu wanaowahesabu wamekuwa wakiripoti kwamba jamii nyingi za ndege wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika zinapungua, na sababu ziko pande zote mbili: dawa za kuua wadudu na mashamba makubwa huko, ukataji wa miti na ukaushaji wa mabwawa huku, na nyavu njiani. Bwawa la milimani lililo safi huko Wales halimfai kitu kitwitwi ambaye tope alilolitegemea kwenye ukingo wa ziwa la Afrika limegeuzwa kiwanja. Kinyume chake nacho ni kweli.

Msikilizaji anayeishi karibu na ziwa, mto au lambo la kunyweshea mifugo anaweza kuliona jambo hili mwenyewe kuanzia Septemba. Asubuhi iliyofuata usiku wa mvua ndiyo nzuri zaidi. Kitwitwi mdogo wa rangi ya udongo, anayetikisa mkia kila anaposimama kandokando ya maji, huenda ni mgeni aliyetua kutoka mbali sana. Akiiandika tarehe, mahali na hali ya hewa kwenye daftari, atakuwa anafanya kazi ile ile waliyoifanya Salimu Asmani na wenzake chini ya miti ya Amani.